Ukigongwa, Achia

Aliyekwenda kwa Mwalimu kujifunza kupigana alianza kwa kufundishwa kuachia. Wengi walikasirika. Mtu amekuja na donge lake rohoni, kuna fulani anayemkosesha usingizi, anataka aonyeshwe pa kumpiga fulani huyo asiinuke tena, halafu mzee mwenye magoti mabovu anamkalisha kwenye godoro na kumwambia:

"Nikabe shingo. Haya. Sasa nikikugonga hivi, pa-pa, unaachia. Hapo hapo. Hufikirii, huulizi, hunitazami usoni kama natania. Unaachia, unasimama, unanipa mkono niinuke. Tuanze."

Basi walianza, wakarudia, wakarudia tena mpaka mtu akaanza kuota anagongwa. Aliyechelewa hata kidogo alitolewa pembeni na kuambiwa akae atazame wenzake. Aliyebisha alionyeshwa goti la kushoto la Mwalimu, lililokaa upande kama bawaba iliyong'oka. Ujanani, alipokuwa akicheza judo ya mashindano, rafiki yake wa kufa na kuzikana alimkunja mguu mazoezini. Mwalimu akagonga. Rafiki hakuachia upesi.

"Hakuwa mtu mbaya," Mwalimu alipenda kusema. "Alikuwa anacheka na mtu pembeni. Basi. Mimi nikawa fundi magodoro."

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya karakana yake hiyo ya magodoro. Mbele kulikuwa na cherehani kubwa ya kushonea kingo, marobota ya sponji yaliyofika dari, na vumbi jepesi lililomfanya kila mgeni apige chafya kabla ya salamu. Ukipita mlango wa bati unaingia nyuma, kwenye sakafu iliyotandikwa magodoro magumu aliyoyashona mwenyewe kwa turubai na kuyashindilia mabaki ya sponji. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji, kioo chenye ufa, na misumari ya kutundikia mikoba. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake, maana wanaume wa mtaa ule waliona aibu kufundishwa kuanguka. Na kwa miaka yote ile, Mwalimu alijigamba, humo ndani hajawahi kuumia mtu. Alilisema hilo kila wiki, na alilisema kwa kifua mbele.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwemo Dobi. Walimwita kwa kazi yake, kwani alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali na nyumba za wageni, na kazi ile ilikuwa imempa mikono ya kukamua blanketi bila kuomba msaada. Kilichomleta kwa Mwalimu kilikuwa mtalaka wake. Talaka ilikuwa imeshatoka, lakini bwana yule aliichukulia kama uvumi tu. Alimsubiri Dobi njia panda. Alimsubiri nje ya shule ya mtoto. Siku moja alimpiga makofi mbele ya duka la dawa, watu wakatazama pembeni. Dobi alipokwenda kituoni, askari aliyempokea alimwuliza kama hawawezi kukaa chini wakayamaliza, kwa faida ya mtoto. Dobi akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa fundi magodoro.

Alijifunza haraka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni, kama inavyompasa dobi, na hakulia hata siku aliyotupwa chini mpaka akauma ulimi. Lakini alichokishika kuliko vyote ni kuachia. Kilimwingia kwenye damu. Asubuhi moja, kwenye foleni ya zahanati, bibi mmoja alimgonga begani kutaka kujua kama yeye ndiye wa mwisho. Dobi akaachia mfuko aliokuwa ameushika, na mayai yote yakapasukia sakafuni. Aliposimulia mazoezini, Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha sponji.

"Sasa umeiva," alimwambia.

Na Dobi naye alicheka. Alirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele, akamfundisha binti yake. Binti huyu aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Aliongea akila, aliongea akisugua meno, na majirani waliapa kwamba aliongea hata akiwa usingizini. Mchezo wao ukawa chatu. Chiriku anasimama katikati ya chumba, anauliza, "Chatu, chatu, umeshakula?" Mama anajibu, "Bado, na hapa pananukia mtoto!" Anamkumbatia kwa nyuma, anambana, mtoto anapiga kelele za furaha hadi anaishiwa pumzi, kisha anagonga mkono wa mama, pa-pa, na chatu anaachia mara moja. Halafu, kama kwa Mwalimu, mama anampa mkono ainuke. Wakati mwingine Chiriku aligonga kabla hata hajabanwa, ili aone tu mikono ile mikubwa ikifunguka kwa amri yake.

"Mimi ndiye ninayeamua," alijitapa kwa rafiki zake. "Nikisema basi, mama yangu anaacha."

Mtalaka alikuja saa ya chakula cha mchana. Wenzake Dobi walikuwa wametoka kwenda kula, naye amebaki kumalizia foronya za hospitali kwenye pasi ya mvuke, ile kubwa ya kubana, yenye kifuniko kinachoshushwa kwa kukanyaga chini. Alisikia mlango wa uani ukifunguka, akadhani ni mwenzake amesahau kitu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Shule," Dobi alijibu. "Nenda zako. Wenzangu wanarudi sasa hivi."

"Unadhani utanikimbia mpaka lini?"

Alimkamata mtandio pamoja na ukosi, akamvuta. Dobi hakupata hata nafasi ya kuogopa vizuri. Nyonga ilizunguka yenyewe, mgongo ukainama, na lile jitu likapita juu yake likaangukia kwenye matenga ya nguo chafu. Kabla halijajikusanya, Dobi alishakuwa nyuma yake, mkono wa kulia chini ya kidevu, kichwa amekificha begani. Kabali ilikaa. Ilikaa vizuri kuliko ilivyowahi kukaa mazoezini. Yule bwana alipiga mateke, akapindua tenga, akatapatapa, akakoroma, na mkono wake uliokuwa ukitafuta chochote cha kushika ukaangukia juu ya mkono wa Dobi. Pa-pa.

Dobi akaachia.

Msimcheke. Mtu hajui mwili wake unachofanya mpaka umeshakifanya. Aliachia, akasimama, akarekebisha mtandio wake, kisha akanyoosha mkono ili ampe yule bwana ainuke.

Mwanamume yule mwenyewe alipigwa na butwaa. Alikohoa, akautazama ule mkono ulionyooshwa mbele ya uso wake, mkono wa kulia, wazi, wa mtu anayetaka kumsaidia. Kisha akaushika. Nyuma yao pasi ya mvuke ilikuwa imewaka, kifuniko kimeinuliwa. Enzi za mapenzi alikuwa akikaa mle ndani akimsubiri mkewe amalize zamu, na alijua inavyofungwa. Mengine siwezi kuyaeleza. Wanaotaka kujua zaidi wakawaulize wale waliokuwa wakila ng'ambo ya barabara, waliosikia ukelele wa Dobi na kuacha sahani zao mezani.

Walimkamata hapo hapo. Alifungwa, lakini kifungo chenyewe kilikuwa kifupi, cha kujikuna tu, na kabla hajapelekwa gerezani aliwaambia watu wamfikishie Dobi salamu: akitoka ataendelea alipoishia.

Mkono wa Dobi ulipona kwa namna yake. Vidole viwili vilijikunja vikabaki hivyo, ngozi ikang'aa, ikakaza, na mtu aliyekuwa akikamua blanketi peke yake akawa hawezi kufunga kifungo cha sare ya mwanawe. Kazini walimwonea huruma, wakamweka kukunja foronya kwa mkono wa kushoto. Watu walikuja kumpa pole, na kama kawaida ya watu, kila mmoja alikuja na vita yake. Ningekuwa mimi ningemng'ata. Ningekuwa mimi ningemmwagia maji ya moto. Na wewe si ulikuwa unajifunza? Sasa ilikuwaje? Dobi aliwajibu wote kwamba aliteleza. Sakafu ilikuwa na maji.

Mwalimu naye alikuja na jibu lake tayari. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, goti bovu amelinyoosha mbele, begani ana vumbi la sponji.

"Wanasema uliteleza," alisema. "Kosa langu. Nilipaswa kukufundisha kwenye sakafu yenye maji."

Dobi alimtuma Chiriku dukani kwanza. Alingoja mlango ufungwe.

"Sikuteleza, Mwalimu. Alinigonga."

Mzee hakuelewa. Kisha akaelewa. Dobi aliona kabisa jinsi jambo lilivyomwingia, kuanzia machoni kushuka mabegani, mpaka mikono yake ikakosa pa kukaa.

"Alijua?" Mwalimu aliuliza. "Kuna mtu alimwambia?"

"Hakujua chochote. Alikuwa anatapatapa. Mtu akikosa pumzi si anapiga chochote? Mimi ndiye niliyesikia." Akautazama mkono wake uliofungwa kitambaa. "Na nikampa mkono, Mwalimu. Ainuke."

Mwalimu aliinama akafunika uso wake. Chiriku aliporudi na chumvi, alianza mwenyewe kumweleza mgeni habari za paka wa dukani.

Mkono ulipoacha kuvuja, Dobi alirudi kwenye chumba cha nyuma. Alichagua saa ambayo wenzake hawapo.

"Nifundishe kutoachia," alisema.

"Hapana."

"Atatoka, Mwalimu. Unajua atatoka."

"Nitakufundisha kukimbia. Nitakufundisha kupiga kelele, kutumia mlango, chochote. Hilo sifundishi. Humu ndani hajawahi kuumia mtu."

Dobi alifungua kitambaa, akauweka mkono wake wa kulia juu ya godoro, kati yao, kama mtu anayeweka bidhaa mezani.

"Mimi si wa humu ndani?" aliuliza.

Basi wakaanza. Mwalimu alikaa chini, akampa mgongo, akamwonyesha kukaba kwa mkono wa kushoto. Sheria ilikuwa moja: akigonga, Dobi asiachie mpaka mkono wa Mwalimu uanguke wenyewe. Dobi alikaba. Mwalimu akagonga. Mkono ukafunguka kabla Dobi hajaamua lolote.

"Tena."

Ukafunguka tena. Siku ile nzima ulifunguka, na kesho yake, na wiki ile yote. Dobi alijitukana. Alifumba macho, akauma meno, akamfikiria yule mwanamume, akaifikiria pasi, lakini ikisikika pa-pa mkono ulitii tu kama mtoto mwenye adabu. Mzee alikuwa amemfundisha vizuri mno, na sasa alikuwa akibomoa kwa shingo yake mwenyewe kitu alichokijenga maisha yake yote. Sauti yake ikawa ya kukwaruza. Wanunuzi wa magodoro walimwuliza kama ana mafua.

"Usisikie kama ni ombi," alimwambia siku moja, akiisugua shingo. "Sikia kama ni onyo. Akigonga maana yake bado ana nguvu. Bado anaweza kukudhuru. Akigonga, kaza."

"Nikaze?"

"Kaza, mwanangu. Gonga ni kaza."

Lilimwingia polepole, kama lile la kwanza lilivyomwingia. Mkono ukaanza kusitasita, kisha kungoja, kisha siku moja Mwalimu aligonga, pa-pa, na mkono ule ukajifunga zaidi. Aligonga tena. Ukajifunga tena. Dobi alisikia miguu ya mzee ikisugua turubai, akasikia mkoromo alioujua, na aliendelea kukaza mpaka kiganja kilichokuwa kikimpiga kikateleza na kuanguka chini chenyewe.

Alimlaza. Akamwita. Akammwagia maji ya ndoo usoni. Mzee alipofungua macho alikuwa na rangi ya majivu, akatazama dari kwa muda kama mtu asiyejua ni nyumba ya nani.

"Sasa umeiva," Mwalimu alisema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata Dobi alikuja saa ya kawaida, akitaka kujiunga na wenzake. Walikuwa wakimaliza kunyoosha viungo, wakamfurahia, wakamkumbatia. Mwalimu aliwagawa wawili wawili kama ilivyo ada, akamwacha Dobi amesimama peke yake kando ya ndoo. Baadaye alimfuata.

"Nisamehe," alisema chini chini. "Siwezi kukupa mtu."

Dobi alitazama zile jozi zikikabana na kugongana, pa-pa, pa-pa, wakiachiana na kuinuana kwa vicheko. Kila mlio ulikuwa ukimpita mkononi, na mkono ulikuwa ukijikunja. Akachukua mkoba wake msumarini, akaaga, akaondoka. Alilia njiani, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, na hakujali nani anamwona.

Habari kwamba mtalaka ametoka gerezani alizipata kazini, mchana. Mwenzake mmoja alimwona kwa macho yake, sokoni, amekonda lakini anatembea kifua mbele, anasalimia watu. Dobi alikunja foronya zote zilizobaki, akaenda shule kumchukua Chiriku mwenyewe, akamshika mkono njia nzima na kugeuka nyuma kila kona. Nyumbani alifunga komeo, akasogeza meza mlangoni.

Jua lilikuwa bado halijazama. Chiriku alikula, akasimulia ugomvi wa darasani, akasimulia mwalimu wa hesabu alivyokaa kwenye chaki, na mama aliitika tu, "Ehe, ehe," masikio yakiwa nje. Mtoto aligundua. Watoto hugundua. Akafikiri ni huzuni ya kawaida, na dawa ya huzuni ya mama alikuwa nayo. Tangu siku ya mkono walikuwa hawajacheza, mtoto akiogopa kumtonesha mama. Lakini sasa kitambaa kilikuwa kimetoka.

Akasimama katikati ya chumba, akampa mama mgongo.

"Chatu, chatu, umeshakula?"

Dobi alicheka. Ni kweli alicheka, moyo ukamyeyuka, maana alikuwa ameukosa mchezo ule kuliko alivyojua. "Bado," alisema, "na hapa pananukia mtoto!"

Akamkumbatia kwa nyuma, kwa mkono wa kushoto, ukakaa shingoni kama ulivyozoea. Chiriku akapiga kelele zake za furaha. Nje, mtu alipita akiburuta viatu, na Dobi akainua kichwa kusikiliza kama viatu vile vitasimama mlangoni. Viatu vilipunguza mwendo.

Pa-pa.

Mkono ukakaza.

Pa-pa, mtoto aligonga tena, akidhani mama hakusikia. Ukakaza tena. Dobi alikuwa akiutazama mlango. Miguu midogo ilisugua sakafu. Kiganja kikagonga upesi upesi, bila mpango, kisha polepole, kisha kikateleza na kuanguka chenyewe. Hapo ndipo mkono ulipofunguka, kama ulivyofundishwa.

Viatu vya nje vilishapita zamani. Alikuwa mpita njia tu.

"Mama yangu," Dobi alisema. "Mama yangu, mwanangu, mwanangu." Alimlaza, akampuliza usoni, akamwita kwa jina la mapenzi na kwa jina la shule, mpaka Chiriku akavuta pumzi ndefu yenye kukwaruza, akakohoa, akafungua macho. Alikuwa hai. Alikuwa mzima. Akajiburuta kwa makalio kurudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akakaa pale ameshika shingo.

Dobi alingoja aongee. Alingoja alie, amlaumu, aulize, aseme lolote. Mtoto yule ambaye aliongea hata usingizini alimtazama mama yake tu.

"Nilikuwa nimesahau," Dobi alisema. "Nilidhani... Sitarudia. Njoo ugonge, nitaachia. Gonga popote, uone. Wewe ndiye unayeamua."

Chiriku hakusogea.

Dobi akapiga magoti mbele yake, akanyoosha mkono ili ampe ainuke. Ulikuwa mkono wa kulia, ule wenye ngozi inayong'aa. Chiriku aliutazama kwa muda mrefu, na hakuushika.